Kujitolea nje ya nchi kwenye nyumba salama ya akina mama na watoto: soma hapa kabla hujakata tiketi

Mtu akinifuata akaniambia anataka kwenda nje kujitolea kwenye nyumba salama, mi huwa namuuliza kitu kimoja tu, unajua kufanya nini? Na wengi jibu lao ni lilelile, "nina moyo wa kusaidia". Sawa, moyo ni mzuri, ila moyo hauzibi bomba linalovuja wala haujazi fomu za mahakama. Mi mwenyewe nilienda na moyo mtupu, wiki ya kwanza nikawa mzigo kwa watu ambao tayari walikuwa na mizigo ya kutosha, wiki ya pili matroni akanionea huruma akanipa stoo niipange na mashuka nifue, na hapo ndo nikaanza kuwa na faida. Kwahiyo haya nayoandika ni mambo ambayo ningependa mtu angenikalisha chini akaniambia mapema.

Kwanza ujue unaenda wapi maana watu wanachanganya. Nyumba salama ni mahali anapokimbilia mama anayepigwa, au msichana aliyetoroshwa kwenye ndoa ya lazima, au mtu aliyesafirishwa kwa udanganyifu akatumikishwa, na mara nyingi anakuja na watoto wake, anakaa wiki kadhaa au miezi mpaka mambo yakae sawa. Anwani yake ni siri. Hii sio kitu kipya, ile iliyovuma sana ilifunguliwa Chiswick, London, mwaka 1971 na Erin Pizzey, na leo Mkataba wa Istanbul wa 2011, ule wa Baraza la Ulaya kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, unazitaka nchi zilizouridhia ziwe na makazi ya namna hiyo ya kutosha na ambayo mama anaweza kuyafikia bila mlolongo. Kituo cha watoto yatima ni kitu kingine kabisa, na hapo naomba uwe makini mno.

Makini kwasababu gani, ripoti ya shirika la kutetea watoto la Save the Children ya 2009 ilikadiria kwamba watoto wanne kati ya watano wanaolelewa kwenye vituo wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Yaani sio yatima. Wengine wamepelekwa sababu ya umaskini, wengine wamekusanywa makusudi kwasababu watoto wengi wanaleta wageni wengi na wageni wanaleta hela. Australia mwaka 2018 ikawa nchi ya kwanza kulitambua hilo kama aina ya utumwa wa kisasa, na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo likazungumzia madhara ya programu za kujitolea kwenye vituo vya yatima ukiwemo utalii wake. Miongozo ya UN ya malezi mbadala ya 2009 ilishasema umaskini peke yake sio sababu ya kumtoa mtoto kwao. Sasa we ukilipa ada ukaenda kucheza na watoto wiki mbili kwenye kituo cha aina hiyo, unakuwa mteja, hata kama hujui.

Utajuaje mahali pako ni pazuri? Mi kipimo changu ni rahisi: pazuri panakusumbua. Wanataka cheti cha polisi, wanataka wadhamini wawili na wanawapigia kweli, wanakufanyia intavyu ya video ya saa zima wanakuuliza maswali mpaka unahisi unashukiwa, wanakusainisha fomu ya usiri, alafu wanakwambia bado wanafikiria. Furahi hapo. Pabaya panakukubali siku hiyohiyo, mradi umelipa. Ukikuta tovuti yao imejaa sura za watoto na majina na stori ya kila mmoja alivyobakwa au alivyotelekezwa, funga hiyo tovuti. Ukikuta watoto wanapangwa mstari kuwaimbia wageni, ondoka. Na uliza maswali bila aibu, mmesajiliwa wapi, ofisa ustawi wa jamii wa serikali anakuja mara ngapi, sera yenu ya ulinzi wa mtoto imeandikwa naomba niisome, volontia akikosea malalamiko yanapelekwa kwa nani, mama na watoto wakitoka hapa wanaenda wapi. Hilo la mwisho ndo kubwa, kwasababu nyumba salama ya kweli inafanya kazi ili watu watoke, sio ili wakae. Kama kuna kampuni ya kati inayochukua ada, wakuonyeshe kiasi gani kinafika kwenye nyumba yenyewe, wakianza kuzungukazunguka ushapata jibu.

Ukiwa mwanaume usishangae ukiambiwa huwezi kuingia sehemu za kulala, au huwezi kupokelewa kabisa. Usione umetukanwa. Kuna mama humo ndani akisikia tu sauti nzito kwenye korido anaganda. Kuna kazi kibao za ofisini na za nje ya geti zinazohitaji mtu, hesabu, kompyuta, umeme, kuandika maombi ya ufadhili, na nyingi unaweza kuzifanya ukiwa kwenu bila kupanda ndege.

Muda nao. Hapa nina msimamo na sibadiliki: kama una wiki mbili usiombe kazi ya watoto. Fundi, mhasibu, mwalimu wa kuwafundisha wafanyakazi, daktari wa meno, hao wiki mbili zinatosha. Kukaa na watoto kunataka miezi, na hata hiyo miezi uwe msaidizi wa mlezi wa kudumu, usiwe wewe ndo mlezi. John Bowlby, daktari wa akili wa Uingereza, aliwaandikia Shirika la Afya Duniani mwaka 1951 kuhusu kinachompata mtoto akitengwa na mama yake, na kuanzia mwaka 2000 watafiti walifuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, Romania, na wale waliohamishiwa kwenye familia za kulea wakaendelea vizuri kuliko waliobaki vituoni, hasa wale waliotoka wakiwa bado wadogo. Kinachomjenga mtoto ni mtu yuleyule kila siku. Sasa piga picha we mtoto wa miaka mitatu, kila mwezi anakuja dada mpya mzuri anakubeba anakuimbia alafu anapotea. Utajifunza nini kuhusu watu?

Ndomaana siku ya kwanza ukifika mtoto akakimbia akakukumbatia mguu hataki kukuachia, usiende kuandika kwamba "nimependwa". Mtoto aliyekaa vizuri na watu wake akiona mgeni anajificha nyuma ya mama yake kwanza, anachungulia. Anayemrukia kila mgeni huenda anaonyesha kitu kimekatika mahali. Mpe mkono, chuchumaa muwe sawa, msalimie, alafu muulize mama yuko wapi mumfuate.

Makaratasi sasa, nitapita haraka. Cheti cha polisi anza mapema kwasababu ukiwa umeishi nchi mbili tatu watataka cha kila nchi, na walioishi Uingereza wapo wanaoombwa ile International Child Protection Certificate, cheti cha polisi cha huko kwa wanaoenda kufanya kazi na watoto nje. Viza usidanganye. Nchi nyingi kujitolea hata bila mshahara inahesabika ni kazi, ukiingia na viza ya utalii ukakamatwa, we utarudishwa kwenu lakini ile nyumba ndo inabaki na kesi ya kuajiri kinyemela, na wana maadui wa kutosha wanaotafuta sababu ya kuifunga. Bima hakikisha inafunika kazi ya kujitolea na kusafirishwa ukiumwa sana. Chanjo, homa ya ini B kwa ratiba ya kawaida ni dozi 3 ndani ya miezi 6, kwahiyo huwezi kuanza wiki moja kabla. Kadi ya homa ya manjano kama unakoenda inahitajika inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kadi ni ya maisha, hamna tena mambo ya kurudia kila miaka 10. Surua na tetekuwanga uwe na kinga yake, hapa sio kwa ajili yako, kuna wajawazito na vichanga kwenye hiyo nyumba na we ndo unayetoka kwenye ndege yenye watu 300.

Lugha jifunze hata maneno 200. Na kuna jambo watu hawaliwazi mpaka liwakute: mtoto anashika lugha mpya haraka kuliko mama yake, kwahiyo ni rahisi sana kumgeuza mkalimani, "hebu muulize mama ameumia wapi". Usifanye hivyo. Mtoto wa miaka 9 hatakiwi kutafsiri jinsi mama yake alivyopigwa. Subiri mkalimani, hata kama ni kesho.

Kwenye mizigo usibebe sanduku la nguo zenu za zamani bila kuuliza. Mama aliyekimbia usiku amekuja na alichovaa, anachohitaji ni chupi mpya zenye saizi yake, pedi, mswaki, sabuni, chaja ya simu, sio gauni la harusi la mtu. Andikia ofisi waulize wana upungufu wa nini na kama vitu vinapatikana hukohuko tuma hela wanunue.

Haya tuje kwenye simu maana hapa ndo nilipoharibu. Wiki yangu ya kwanza, jioni, mashuka yameanikwa kwenye kamba, jua linazama nyuma yake, mashuka ya rangirangi, hamna mtu hata mmoja kwenye picha. Nikapiga. Nikasema hii haina shida si mashuka tu. Matroni akaniona kwa dirisha akatoka, hakunifokea, akaniomba simu akaangalia picha akaikuza kwa vidole viwili. Akanionyesha kwa pembeni kule juu, tangi la maji. Akaniambia, "Mwanangu, hili tangi liko moja tu mji huu. Kuna mwanaume anaujua huu mji mtaa kwa mtaa na kuna mkewe amelala chumba cha tatu." Nikafuta mbele yake. Akaniambia na kwenye takataka ufute. Nikafuta na huko, mikono inatetemeka, na sikuwa nimeiposti hata. Tangu siku hiyo simu yangu ilikuwa inakaa kwenye droo ya ofisi mpaka natoka shifti.

Kwahiyo zima lokesheni kabla hujafika, sio ukishafika. Simu nyingi zinaandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa kama umeruhusu. Saa za mazoezi zinachora ramani ya ulikokimbia asubuhi na mwanzo wa mstari ni getini kwenu. Programu za teksi zinahifadhi anwani, ushushwe barabara mbili kabla alafu utembee, na ubadilishe barabara. Wazazi wako waambie mji na namba ya dharura ya ofisi, basi, jina la nyumba hawalihitaji. Na "nitaziba sura" haisaidii, mtu anamjua mwanae kwa kisogo, kwa kovu la goti, kwa sweta aliyomnunulia mwenyewe.

Ukishaanza kazi, utakutana na mama anataka kuongea. Haitakuwa ofisini. Itakuwa mnakunja nguo, kimya, alafu anasema kitu kimoja kizito bila kukuangalia. Hapo watu wengi wanakosea kwa kuongea. WHO na wenzake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia mwaka 2011 na msingi wake ni maneno matatu, angalia, sikiliza, unganisha. Angalia yuko salama sasa hivi, anatoka damu, anatetemeka, mtoto yuko wapi. Sikiliza bila kuchimba. Unganisha na mtu mwenye kazi hiyo, ofisa ustawi, nesi, mwanasheria. We endelea kukunja nguo taratibu, sema "pole mama, nipo nakusikia", na ukae kimya. Usiseme "najua unavyojisikia", hujui. Usiulize "sasa kwanini hukuondoka mapema", hilo swali ameshaulizwa na polisi, na mama mkwe, na yeye mwenyewe kila usiku. Usimwambie yatakwisha, kwani we nani. Kama amebakwa siku za karibuni mwambie nesi saa hiyohiyo, sio kesho asubuhi, kwasababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na kila saa inavyopita zinapungua nguvu.

Mtoto akikwambia kitu ni tofauti kidogo. Akianza na "usimwambie mtu", usiahidi. Mwambie, "asante kwa kuniamini, hili itabidi nimwambie fulani kwasababu kazi yake ni kuhakikisha uko salama." Usimuulize maswali ya kumwekea maneno mdomoni kama "ni baba ndo alikufanyia?", kesi inaweza kufa mahakamani kwa swali moja la mtu mwenye nia njema. Kaandike maneno yake vilevile alivyosema, kwa neno lake yeye la mtoto, tarehe na saa, umpe anayehusika siku hiyohiyo. Alafu usimsimulie mwingine yeyote, hata volontia mwenzio mnayelala chumba kimoja.

Mengine ya watoto: usikae peke yako na mtoto mlango umefungwa, usimuogeshe wala kumpeleka chooni kama sio kazi uliyopewa, kumbatio aanze yeye na liwe fupi, zawadi zote zipitie ofisi. Nilimwona volontia mmoja, mtu mzuri tu, kampa binti mmoja penseli za rangi boksi zima kwasababu "anapenda kuchora". Jioni zile penseli zilikuwa zimevunjwa zote, binti ana mikwaruzo shingoni, na mama wawili waliokuwa wanasaidiana kupika hawasalimiani.

Ila kitu ninachokiona ni kikubwa kuliko hivyo vyote, na sikuwahi kukisikia kwenye mafunzo, ni kutomnyang'anya mama umama wake. Fikiria, huyu mtu hana nyumba, hana hela, hana namba zake za simu, saa ya kula anapangiwa, saa ya kulala anapangiwa, kitu pekee kilichobaki chake ni hawa watoto. Sasa unakuja we na miaka yako 23, una nguvu, umelala vizuri, una michezo, watoto wanakukimbilia wewe wanamkimbia yeye kwasababu yeye amechoka na analia na anafoka. Mtoto anakuomba biskuti, unampa. Umeshamshinda mama mbele ya mwanae. Jibu sahihi ni, "twende tukamuulize mama." Mtoto ameanguka analia, mnyanyue umpelekee mama ambembeleze yeye, hata kama we ulikuwa karibu zaidi. Akiwa anafoka kupita kiasi usimsahihishe mbele ya watu, mchukulie kichanga nusu saa akalale, atarudi mtu mwingine. Mi ndo nikaja kuelewa kwanini matroni alinipa mashuka. Kila shuka nililofua ni dakika ambazo mama au mlezi alikaa na mtoto.

Na kuna siku utakuta kitanda kimetandikwa na mama ameondoka, amerudi kulekule. Inatokea, na inatokea sana, wengi wanaondoka na kurudi mara kadhaa kabla ya kuondoka moja kwa moja. Usinune, usimseme kwa waliobaki. Wenye uzoefu huwa wanampa namba ya simu aikariri kichwani, wanamwambia geti lipo, na wanamtakia safari njema kwa sauti ya kawaida kabisa. Mi nililia chooni.

Kulia ni sawa lakini uwe na mtu wa kuongea naye, ikiwezekana msimamizi wa kazi, kila wiki, hata kama unajiona uko freshi. Dalili zinakuja kimyakimya, unashtuka mlango ukigongwa, unaota ndoto ambazo sio zako, unaanza kuwachukia wanaume wote kwenye basi, au kinyume chake husikii chochote. Chukua siku zako za mapumziko, usijifanye shujaa wa shifti tatu. Volontia aliyechoka mpaka akaishiwa ni mtu mwingine wa kuhudumiwa.

Kuondoka nako, anza kujiandaa wiki tatu kabla. Watoto waambiwe, na waambiwe na mlezi wao wewe ukiwepo, wawekewe kalenda ukutani wakate siku. Usitoroke alfajiri kwasababu unaogopa kuaga, wameshatorokewa na watu wa kutosha. Usiseme "nitarudi" kama hujakata tiketi. Namba yako usiwape, urafiki wa mitandaoni usikubali, barua zipitie ofisi. Ukifika kwenu watu watakuuliza stori, waambie jinsi nyumba inavyoendeshwa, bajeti inavyobana, wafanyakazi walivyo wachache, hizo ni stori zako kuzitoa, za akina mama sio zako.

Na umwandikie anayekuja baada yako. La kwangu lilikuwa daftari la kurasa kama 40, zaidi ya nusu ni orodha ya stoo. Ukurasa wa kwanza niliandika: ufunguo wa stoo unang'ang'ania, uvute kwako kwanza ndo uzungushe. Bomba la bafu la pili lifungwe taratibu, ukikaza linaanza kuvuja. Mashuka ya chumba cha tatu yakunjwe na wenyewe, wanapenda kukunja wenyewe. Simu kwenye droo.